Daftari Nne za Bogna

Łódź, maana yake Mashua,
mji ambao hata bata hana pa kuogelea.
Mito yake ilizikwa chini ya viwanda
enzi pamba ilipokuwa na kiburi,
nayo ingali inapita, wanasema, gizani,
chini ya reli za tramu, chini ya duka la dawa,
chini ya kiti changu mimi, mhasibu,
nisiyewahi kuisikia.

Kila tarehe tano Bogna huniletea risiti
ndani ya mfuko wa duka la samaki.
Zinanuka wino, unga, grisi,
na moja, sijui kwa nini, vitunguu.
Namwaga mezani. Natenga mafungu manne.

Chapa: herufi za risasi alizonunua kwa kilo
kwa mjane wa mpiga chapa.
Kadi za harusi, lebo za asali,
tangazo la paka aliyepotea mtaa wa Wschodnia.
Paka kapatikana. Mwenye paka hajalipa.

Jiko, linalokodishwa kwa saa.
Lesia wa Kharkiv huingia saa tisa usiku
na kutoka alfajiri na mikate arobaini.
Fungu hili, nakiri, linajitegemea.

Kabati la vifaa: ngazi, misumeno, keekee,
cherehani mbili. Unaazima
kwa zloti mbili na neno lako.
Nilimuuliza: neno nalijumlisha wapi?

Na la nne, linaloninyima usingizi:
chumba cha kufumia.
Wanawake sita waliostaafu kiwandani,
mitambo ya ujana wao iliwala masikio
wakajifunza kusomana midomo.
Hadi leo husengenya kimya, ng'ambo ya chumba;
nipitapo na mkoba wangu
naona midomo ya Bi Genowefa inatikisika
na wenzake wanashika mbavu.
Skafu moja, siku nne.
Bei yake hairudishi hata gharama ya nyuzi.

Nikamwambia: Bogna,
mshika mbili moja humponyoka,
wewe una nne na kikohozi.
Kifunge chumba hiki. Nakuonyesha kwa tarakimu.
Akatazama tarakimu kwa adabu,
kama mtu anayeonyeshwa picha za mtoto asiye wake.
"Nani kakuambia nimezishika?" akasema.
"Zimenishika zenyewe."

Februari bomba likapasuka juu ya chapa.
Nilifika asubuhi, nimevaa tai.
Wazee wale walikuwa wamepiga magoti,
wanakausha herufi moja moja
kwa mabaki ya nyuzi, *a* na *ż* na *k*,
na karatasi za harusi ya mtu
zilikuwa zimetandazwa ndani ya tanuri la Lesia,
moto mdogo, mlango wazi.
Usiku ule sikuletewa risiti yake.
Niliandika "mengineyo".
Nikafuta.

Sisemi kwamba mambo yalinyooka.
Gari ameliuza. Deni la joto lipo palepale,
elfu kumi na moja, linanitazama.
Mwanawe Kajetan hufanya hesabu za shule
juu ya rundo la karatasi, kisha hulala hapohapo,
na shavu lake huamka na herufi.
Nami bado nasema: kifunge chumba.
Nasema kila tarehe tano.

Ila jana, kwenye mlango wa kabati,
nimekuta orodha mpya ya wadaiwa,
imechapwa kwa risasi, nzito, nzuri,
unaweza kuisoma kwa kidole.
Jina la tatu: Zdzisław, mhasibu.
Keekee moja. Siku ishirini na moja.

Nyuma ya kioo midomo ilikuwa inacheka.
Nikavua kofia, nikaingia.
Bi Genowefa akasema kitu bila sauti,
polepole, kama unavyosema na mgeni,
na kwa mara ya kwanza
nikaelewa neno moja:
*keti.*